Je, Ubingwa wa Durant Una Kasoro?

Swali: Mhariri, rafiki zangu humnyima Kevin Durant, mchezaji wa mpira wa kikapu wa NBA (ligi kuu ya Marekani), hadhi ya ugwiji kwa sababu mwaka 2016 aliihama Oklahoma City Thunder na kujiunga na Golden State Warriors. Mwaonaje?

Jibu: Ndugu msomaji, Durant hakubadilishwa na mchezaji mwingine, mkataba wake ulikuwa umekwisha, naye, akiwa mchezaji huru, alikuwa na haki ya kuchagua timu. Lawama zilitokana na kwamba Warriors, walioshinda michezo 73 msimu ule, ndio waliowatoa katika mtoano Thunder hao hao, waliokuwa wakiongoza kwa mechi 3–1. Kwetu sisi, uhamisho ule uliupunguzia ubingwa wa 2017 na 2018 utamu, lakini haukumpunguzia yeye kipaji: katika fainali zote mbili, akikabiliana na LeBron James, nyota wa Cleveland Cavaliers, ndiye aliyetangazwa mchezaji bora.