Dibukaini imeshusha anisotropi, lidokaini haikugusa kitu: kwa nini?

Swali: Natumia liposomu (vifuko vidogo vya utando) za DPPC, aina ya fosfolipidi, zenye DPH, rangi inayong'aa, na napima anisotropi, yaani kipimo cha jinsi mikia ya utando ilivyobanana, kwenye nyuzi 37 za Selsiasi. Dibukaini, dawa ya ganzi, ya milimola 1 imeishusha mno, lidokaini, dawa nyingine ya ganzi, ya kiwango hichohicho haikufanya lolote. Je, dibukaini hutia ganzi kali zaidi kwa sababu hulegeza utando zaidi?

Jibu: Hapana, na chanzo cha utata ni hiyo halijoto. DPPC huyeyuka kwenye nyuzi 41. Kwenye 37 utando wako bado umeganda: mikia ya lipidi imenyooka na kubanana. Dibukaini hupenda mafuta kuliko lidokaini, kwa hiyo huingia kwa wingi, hujipenyeza karibu na vichwa vya fosfolipidi, huharibu mpangilio wa mikia na kushusha kiwango cha kuyeyuka. Kikishuka nyuzi 4, kipimo chako cha 37 kimeangukia katikati ya myeyuko, na anisotropi lazima iporomoke. Lidokaini ikikishusha nyuzi 1 tu, hutaona karibu chochote. Ulichopima, basi, ni umbali kutoka kwenye mpaka wa kuyeyuka.

Rudia kuanzia nyuzi 25 hadi 55. Panda 2 kwa 2, ila kati ya 34 na 44 nenda 1 kwa 1, na kila hatua iache sampuli itulie dakika 5. Linganisha grafu nzima.

Kuna mtego mwingine ambao wengi huupita: dibukaini yenyewe hung'aa ikipigwa urujuanimno. Andaa liposomu zenye dawa bila DPH, upime kwa mipangilio ileile, kisha utoe mwanga huo kwenye kila mkao wa kichujio cha mwelekeo wa mwanga (polaraiza) kabla ya kukokotoa. Ukiutoa kwenye anisotropi iliyokwisha kukokotolewa, umeharibu.

Rekebisha pia pH baada ya kuongeza dawa, si kabla. Chumvi za hidrokloridi hushusha pH ya bafa dhaifu (myeyusho unaoshikilia pH). Lidokaini, yenye pKa (pH ambayo nusu ya dawa ina chaji) 7.9, ina takriban asilimia 24 isiyo na chaji kwenye pH 7.4, kwenye 6.4 hubaki asilimia 3.

Kuhusu ganzi yenyewe: dawa hizi huziba mifereji ya sodiamu kutokea ndani ya seli. QX-314, jamaa ya lidokaini yenye chaji ya kudumu, haizibi ikiwekwa nje ya akzoni (uzi wa neva) lakini huziba ikiingizwa ndani. Utando ni njia ya kupitia na ghala la dawa, na kulegea kwake pekee hakuelezi ganzi. Kwa utando unaokaribia wa neva, tumia POPC, fosfolipidi nyingine, na kolesteroli kwa uwiano wa moli 2 kwa 1. Hapo badiliko linaweza kuwa dogo kiasi cha kufunikwa na kuyumba kwa nusu nyuzi ya halijoto, kwa hiyo weka kipimajoto ndani ya kichupa chenyewe cha sampuli, usitegemee namba ya mashine.