Jibu: Kwa nini Marekani huwaadhimisha mabaharia tarehe 22 Mei?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Marekani huwaenzi mabaharia wa meli za biashara tarehe 22 Mei, ilhali sisi wengine tunaijua Siku ya Mabaharia ya tarehe 25 Juni. Hizo ni siku mbili tofauti. Ya Juni ni ya kimataifa, nayo ilitokana na mkutano uliofanyika Manila mwaka 2010, uliorekebisha viwango vya mafunzo ya mabaharia.

Ya Mei iliwekwa na Bunge la Marekani mwaka 1933, kukumbuka siku ambayo meli iitwayo Savannah iling'oa nanga katika jimbo la Georgia mwaka 1819 kuelekea Liverpool, ikiwa na injini ya mvuke, ingawa kwa kweli sehemu kubwa ya safari ilitegemea matanga.

Hata hivyo, uzito wa siku hiyo, kwa maoni yangu, umetokana zaidi na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambapo mabaharia hao, waliokuwa raia wala si askari, walivusha silaha, mafuta na chakula huku wakiwindwa na nyambizi za Kijerumani, na maelfu yao wakafa. Vita vilipokwisha, walinyimwa mafao ya masomo na makazi waliyopewa wanajeshi. Hadhi ya wapiganaji wastaafu waliipata mwaka 1988, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki. Medali ya Dhahabu ya Bunge iliidhinishwa mwaka 2020.