Kizunguzungu Ukisimama: Presha ya Kukaa Haitoshi

Mtu akisema kwamba akisimama macho yanaingia giza, kumpima presha akiwa ameketi hakutoshi. Kipimo kitasoma 130/80, ataambiwa yuko sawa, na kesho ataanguka msalani. Tatizo lake hujitokeza ndani ya dakika 3 za kwanza baada ya kusimama, na hapo ndipo apimwe.

Ukisimama, damu ya nusu lita au zaidi hushukia miguuni na tumboni, ikarudi kidogo moyoni. Vipokezi vilivyomo kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingo, chini ya pembe ya taya, na kwenye upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, huhisi kwamba mgandamizo umepungua, navyo hupunguza ishara ziendazo kwenye shina la ubongo. Ubongo huitikia mara mbili. Kwanza huilegeza neva ya vagasi, breki ya moyo; bila breki hiyo moyo wa mtu mzima aliyetulia ungepiga karibu mara 100 kwa dakika. Kisha huziamsha neva za simpathetiki, zile za kuuchangamsha mwili, zimwage kemikali iitwayo noradrenalini na kubana mishipa ya damu. Vagasi hulegea mara moja, ila mishipa huhitaji sekunde kadhaa kubana, ndiyo maana hata mwenye afya njema huweza kuyumba kidogo akinyanyuka ghafla.

Pima hivi, msaidizi akiwa karibu. Mgonjwa alale chali dakika 5, upime presha na mapigo. Asimame, upime tena dakika ya 1 na ya 3, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia presha husomeka juu kuliko ilivyo, na mshuko hufichika. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, jibu limepatikana: presha yake hushuka akisimama.

Sasa tazama mapigo. Wengi huishia kwenye presha tu, na ni hasara kubwa. Presha ya juu ikishuka 30 na mapigo yakapanda 25, neva zinafanya kazi yake: tafuta kuhara, kutapika, kuvuja damu au dawa za kukojoza. Ikishuka 30 na mapigo yakapanda 5 tu, shuku neva zenyewe, hasa kwa mwenye kisukari cha miaka mingi au ugonjwa wa Parkinson. Anayetumia dawa za presha na moyo kama atenololi au propranololi usimhukumu kwa mapigo, kwa kuwa dawa hizo huyazuia yasipande.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, pamoja na tamsulosini ya tezi dume na amitriptilini ya sonona au maumivu ya neva, kwani nazo huweza kushusha presha ukisimama. Usiache dawa mwenyewe. Atenololi ikikatwa ghafla huweza kuleta maumivu ya moyo.

Asubuhi kunywa nusu lita ya maji kwa mkupuo kabla ya kunyanyuka, isipokuwa una ugonjwa wa moyo au figo. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika 2 ukiinua visigino. Usiku wanaume wakojoe wameketi. Inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa sentimita 15 hadi 20 kwa matofali. Mito haisaidii, hukunja shingo tu. Punguza sahani kubwa ya ugali au wali, kwani presha huweza kushuka ndani ya saa 2 baada ya kula.

Giza likianza, usikimbilie mlango. Chuchumaa hapo hapo, au pishanisha miguu ukikaza mapaja na makalio.

Ukizimia, ukiumwa kifua au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.