Re: Shauri la jinai limefutwa kwa sababu sikufika mahakamani

Salaam ndugu, na pole sana. Kama nimekuelewa, ulifungua malalamiko ya shambulio, siku ya kusikilizwa ulikuwa umelazwa, na hakimu akalifuta shauri kwa sababu hukuonekana. Unauliza kama unaweza kufungua upya.

Kabla ya yote, nenda masijala (ofisi ya kumbukumbu za mahakama) ukaombe nakala iliyothibitishwa ya amri, pamoja na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani. Usiridhike na maneno ya karani. Soma neno kwa neno: je, mshtakiwa ameachiwa huru kabisa, au ameondolewa tu shtaka? Akiachiwa huru, kwa kawaida huwezi kumshtaki tena kwa kosa lilelile. Njia inayobaki kwa kawaida ni rufaa. Akiwa ameondolewa shtaka tu, mara nyingi mlango wa kufungua upya bado upo.

Halafu angalia kama kuna uthibitisho kwamba kweli ulijulishwa tarehe. Mimi lilinikuta hili. Kwenye jalada nikakuta tarehe ya awali imekatwa kwa kalamu na nyingine kuandikwa juu yake, na hati ya wito haina sahihi yangu. Hilo ndilo lililonisaidia kwenye rufaa kuliko maelezo yangu yote.

Wewe una cheti cha hospitali. Kiambatishe kwenye hati ya kiapo (maelezo yako ya maandishi unayoyaapia kuwa ni kweli), kikionyesha tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Ila fanya haraka, tafadhali. Siku za rufaa zinahesabika, na idadi yake hutegemea sheria ya nchi yako, kwa hiyo muulize wakili wiki hii hii.