Maswali ya Wasomaji: Tiketi ya Ndege Isiyoshikika

Barua za mwezi huu nyingi zimehusu tiketi za ndege. Tumechagua tano.

Wahariri, shikamooni. Katika kupanga vitu vya marehemu baba nimekuta kitabu cha tiketi ya Dar es Salaam–Dubai, kwenda na kurudi, cha mwaka 2006. Kuponi ya kurudi haijachanwa. Je, shirika linaweza kunirudishia chochote? – Msomaji, Tanga

Marahaba, na pole kwa msiba. Hapana, hutapata kitu. Kwa kawaida tiketi za aina hiyo zilidumu mwaka mmoja, na madai ya kurudishiwa fedha nayo yalikuwa na muda wake.

Lakini kitazame vizuri kabla hujakitupa. Nyuma ya kila karatasi kuna kaboni nyekundu, ili maandishi ya juu yapenye hadi nakala ya mwisho. Nakala moja ilibaki kwa wakala, nyingine ilikwenda kwa wakaguzi wa hesabu, moja ya mwisho ilikuwa ya abiria, na katikati zikakaa kuponi za safari. Kila kuponi ilikuwa sawa na fedha taslimu: ilichanwa kaunta, ikapelekwa uhasibu, na kama umepanda ndege ya shirika jingine, shirika hilo lilidai malipo kwa kuonyesha kuponi yenyewe. Ndiyo maana mawakala walifungia vitabu vitupu kwenye sefu. Ndiyo maana pia abiria aliyepoteza tiketi alijaza fomu ya dhamana, akanunua nyingine, kisha akasubiri miezi arudishiwe hela ya ile ya kwanza.

Mwaka 2004 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kiliazimia karatasi iishe kufikia mwisho wa 2007. Baadaye tarehe ikasogezwa hadi 31 Mei 2008, na kuanzia 1 Juni mawakala wake hawakupewa tena vitabu. Sababu kubwa ilikuwa gharama: kwa hesabu za IATA, kushughulikia tiketi ya karatasi kulikula takriban dola 10, ya kielektroniki dola 1.

Kuponi zenyewe hazikufa. Zilihamia kwenye kompyuta ya shirika lililotoa tiketi, na kila moja ina alama ya hali yake: O ni wazi, bado kutumika, C abiria ameshachekini, F imetumika, R fedha zimerudishwa, V imefutwa, S imesimamishwa. Karatasi au PDF uliyo nayo ni risiti tu. Wasomaji wanaofuata wamekwama hapo hapo.

Binti yangu anakwenda Muscat kwa kazi za ndani. Wakala amempa karatasi yenye nembo ya shirika, msimbo wa herufi na namba zilizochanganywa, sita kwa jumla, na imeandikwa HK. Anataka tumalizie fedha. Hii ni tiketi? – Mama, Dodoma

Mama, msimalizie kwanza. HK maana yake kiti kimeshikwa, basi. Wakala yeyote mwenye mfumo wa buking hushika kiti bila kulipa senti, akachapisha karatasi inayopendeza, na tiketi isipotolewa ndani ya muda uliowekwa (mara nyingi siku moja hadi tatu) mfumo unakifuta chenyewe. Binti atafika uwanjani na karatasi nzuri isiyo na kitu nyuma yake.

Tafuteni namba ya tiketi. Ina tarakimu 13: tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa, kumi zinazobaki ni za tiketi yenyewe. Kenya Airways ni 706, Ethiopian 071, Emirates 176, Qatar Airways 157, Air Tanzania 197, RwandAir 459. Hakuna namba? Hakuna tiketi, hata wakala aape vipi.

Namba ikiwepo bado haitoshi, kwani kubuni tarakimu kumi si kazi. Ingieni tovuti ya shirika, sehemu ya kusimamia safari, mwandike ule msimbo wa sita na jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti. Msimbo ukikataa, msiseme mara moja mmetapeliwa. Mfumo wa wakala una msimbo wake na shirika lina wake, na mara nyingi haifanani. Mwambieni wakala awape msimbo wa shirika. Au pigeni simu shirika lenyewe (namba mtoe kwenye tovuti yao, si kwenye karatasi ya wakala), msome tarakimu 13 na muulize hivi: “Kuponi zote ziko wazi?” Hilo ndilo swali lenye maana. “Jina lipo?” litajibiwa ndiyo hata kwa buking isiyolipiwa.

Sasa ujanja ambao wengi hawaujui. Tiketi halali inaweza kutolewa saa tisa alasiri, mkaikagua, mkalipa, na kabla ya saa sita usiku wakala akaifuta. Tiketi iliyofutwa siku ile ile haimgharimu chochote, na hela yenu anabaki nayo. Mwingine husubiri wiki nzima kisha akaomba fedha zirudishwe, na kama tiketi ni ya aina inayorudishika, zinarudi kwake. Kwa hiyo kagueni siku ya malipo, kesho yake, na tena siku tatu kabla ya safari. Bei ikiwa nusu ya ile ya tovuti ya shirika, kuna uwezekano imelipiwa kwa kadi ya wizi. Hiyo hukaguliwa ikaonekana safi kabisa, mpaka mwenye kadi alalamike benki na kuponi zigeuzwe S.

Halafu someni jina. Kwenye tiketi jina la ukoo hutangulia, kisha mkwaju, kisha majina mengine yakiwa yameunganishwa na cheo: HASSAN/MWANAIDIMISS ni sawa, msishtuke. Kukosa jina la kati mara nyingi si tatizo. Jina la ukoo lisilolingana na pasipoti ni tatizo, na lirekebishwe leo, si kaunta.

Nilikuwa na safari ya Mombasa–Nairobi–London. Shirika likabadilisha saa, wakala akanitumia ratiba mpya, nikakubali. Kaunta wakasema buking ipo ila tiketi haipo, nikaachwa. Kosa ni la nani? – Msomaji, Kilifi

Ukiwa na ratiba mpya bila tiketi mpya, uwezekano mkubwa ni wakala.

Buking na tiketi ni kumbukumbu mbili tofauti. Saa zikibadilika, shirika hugusa buking kwanza, na wakala huona alama ya TK inayomtaka akubali au akatae. Akikubali, kazi iko nusu. Bado inabidi tiketi itolewe upya au kuponi zihuishwe zilingane na ndege mpya. Wengine huishia kwenye kukubali, wakamtumia mteja ratiba na kusahau. Siku ya safari kompyuta ya kaunta hulinganisha namba ya ndege, tarehe na daraja la kiti kwa pande zote mbili. Zisipolingana haitoi kadi ya kupandia, na mhudumu hana kitufe cha kulazimisha.

Dalili huonekana mapema: umebadilishiwa ndege lakini hukuletewa risiti mpya ya tiketi, au unajaribu kuchekini kwenye simu unaambiwa uende kaunta. Ukiona hivyo, piga simu siku hiyo hiyo. Ukigundua uwanjani, usibishane kwenye foleni ya mizigo. Nenda dawati la tiketi la shirika lililotoa tiketi, lile la tarakimu tatu za mwanzo. Ndege ikiwa ya shirika mshirika, mara nyingi hao washirika hawawezi kuigusa tiketi bila mwenyewe kuiachia, na saa moja inakwisha katika kupigiana simu.

Kwa madai yako, mwombe wakala historia ya buking. Inaonyesha nani alikubali mabadiliko, tarehe na saa. Asipotoa, omba shirika.

Tiketi yangu ni Kilimanjaro–Nairobi–Amsterdam na kurudi. Naweza kwenda Nairobi kwa basi nikapandia hapo? – Msomaji, Arusha

Usifanye hivyo kimyakimya. Kuponi hutumika kwa mfuatano. Usipotokea Kilimanjaro, mfumo unakuandika hukufika na kufuta zote zilizobaki, ya kurudi ikiwemo. Piga simu kabla. Safari itakokotolewa upya, na nauli ya kuanzia Nairobi huweza kuwa kubwa kuliko uliyolipa. Mara nyingi basi haliokoi kitu.

Bado kuna haja ya kuchapisha? – Msomaji, Unguja

Kwa shirika, hapana. Pasipoti inatosha kukupata kwenye kompyuta. Chapisha kwa ajili ya wengine: mlinzi wa mlangoni kwenye baadhi ya viwanja, na ofisa uhamiaji anayetaka kuona safari ya kurudi. Mashirika kadhaa ya bei nafuu hutoza ukichapishiwa kadi ya kupandia uwanjani, kwa hiyo hayo soma masharti yake.

Ukitegemea simu, hifadhi picha ya kadi kwenye simu yenyewe kabla intaneti haijakata, na ongeza mwanga wa kioo unapofika kwenye mashine. Kioo chenye ufa juu ya msimbo wa kuskani (ule mchoro wa mistari au vidoti) mara nyingi hakisomeki. Ya karatasi usiikunje katikati ya msimbo. Na usiirushe picha yake kwenye status: ndani ya ule mchoro kuna jina lako na namba ya buking (ule msimbo wa sita), na kwa hizo mbili mtu anaweza kuingia tovuti ya shirika akakubadilishia kiti, au akakufutia safari kabisa.