Unasubiri albamu mpya ya wakongwe wa roki? Fuata kazi, usifuate maneno

Kuanzia Septemba 2005, walipotoa A Bigger Bang, mpaka Oktoba 2023, bendi ya Rolling Stones ya Uingereza haikutoa hata albamu moja ya nyimbo mpya za kutunga wenyewe. Miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa keshamaliza sekondari. Mimi niliisubiri albamu hiyo mwanzo mpaka mwisho, na katika kusubiri huko nikajifunza kusoma tetesi. Haya nayaandika kwa ajili yako unayesubiri sasa, iwe ni Stones hao hao, AC/DC, Metallica, Tool, au bendi nyingine yoyote ambayo wanamuziki wake wana wajukuu na bado hawajatundika gitaa.

Mpenzi wa soka atanielewa haraka, maana tetesi za albamu zinafanana sana na tetesi za usajili: picha ya uwanja wa ndege, "chanzo cha karibu", wakala aliyesema nusu neno, halafu mchezaji hafiki. Ila usajili una siku dirisha linapofungwa, na siku hiyo ubishi unakwisha. Bendi kongwe haina dirisha. Haina shida ya pesa, viwanja vinajaa kwa nyimbo za miaka ya sabini, na hakuna wa kuwakimbiza. Ndiyo maana uvumi wa albamu unaweza kuishi miaka kumi bila kufa wala kutimia.

Dawa niliyoipata ni hii. Albamu ni kazi, na kazi huacha nyayo. Kuna kutunga. Kuna kurekodi dramu na besi, kisha magitaa, kisha sauti ya mwimbaji. Kuna kuchanganya sauti zote hizo, kuna kutengeneza masta, yaani nakala ya mwisho ya kuchapia, na mwisho kiwanda kichape santuri na CD. Kila hatua inataka watu, chumba na fedha. Ukisikia tetesi, jiulize inakuambia wamefika hatua gani. Kama haigusi hatua yoyote, iache ipite.

Hatua inayotuchanganya zaidi ni ya kwanza. Mwanamuziki akihojiwa atasema wana nyimbo nyingi, na mara nyingi anasema kweli kabisa. Kirk Hammett, mpiga gitaa wa Metallica, aliwahi kusimulia jinsi alivyopoteza simu iliyokuwa na vipande vya gitaa kama 250 alivyojirekodia. Mashabiki tuliumia, tukaona albamu imepotea na simu. Albamu ikaja Novemba 2016, Hardwired... to Self-Destruct, ya CD mbili, na jina la Hammett halimo kwenye watunzi wa wimbo hata mmoja. Vipande vya gitaa ni malighafi. Idadi yake, iwe kubwa au ndogo, haikuambii chochote kuhusu lini. Tangu hapo nikisoma kwamba fulani ana mamia ya vipande vipya, nafurahi kwa ajili yake na naendelea na shughuli zangu.

"Wameingia studio" nako si mwisho wa habari. Desemba 2015 Stones waliingia British Grove, studio ya mwanamuziki Mark Knopfler magharibi mwa London, wakiwa na nia ya kurekodi nyimbo mpya. Ili wauzoee ukumbi, wakapiga wimbo wa zamani wa Little Walter, mwanamuziki wa bluzi. Ukanoga. Wakapiga mwingine, na mwingine. Siku tatu baadaye walikuwa na albamu nzima ya bluzi za watu wengine, Blue & Lonesome, iliyotoka Desemba 2016. Mpiga gitaa Eric Clapton alikuwa anafanya kazi zake kwenye jengo hilo hilo, wakamwita akapiga gitaa katika nyimbo mbili. Naipenda sana albamu ile, harmonika ya mwimbaji wao Mick Jagger humo ni ya mtu aliyeisomea bluzi tangu ujana. Lakini aliyekuwa ametabiri "wako studio, basi nyimbo mpya zinakuja" alikuwa sahihi juu ya studio tu.

Kilichokuja kubadilisha mambo ni kitu ambacho mashabiki huwa hatukiulizii: tarehe ya mwisho. Jagger alieleza mwenyewe kwamba walikaa na mpiga gitaa Keith Richards wakakubaliana kujiwekea siku, nayo ilikuwa Siku ya Wapendanao, Februari 2023. Richards hakuamini kama itawezekana. Wakamchukua prodyuza Andrew Watt, kijana wa miaka 32 aliyekuwa ameshafanya kazi na waimbaji wakongwe Ozzy Osbourne na Iggy Pop. Desemba 2022 wakaanza, wakarekodi nyimbo 23 kwa haraka, Januari wakazimalizia, Februari zikachanganywa. Ndiyo kusema tulisubiri miaka 18 kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa ilifanyika ndani ya miezi mitatu.

Liangalie hilo vizuri, kwa sababu ndilo lililonibadilisha mimi kama shabiki. Zamani nilikuwa nauliza kama wana nyimbo. Siku hizi nauliza nani anashika saa. Prodyuza ametajwa? Ni mtu wa kumaliza kazi au ni wa kukaa na wimbo mwaka mzima? Wamejibana kwa tarehe yoyote? Mahojiano yakikosa hayo, hata yawe matamu namna gani, nayachukulia kuwa ni mazungumzo ya watu wanaopenda kazi yao.

Sasa njoo Agosti 2023. Gazeti la mtaani la London, Hackney Gazette, linachapa tangazo la duka la kutengeneza vioo liitwalo Hackney Diamonds. Limekaa kama tangazo lolote la fundi. Lakini ndani ya maneno yake mna "satisfaction", mna "gimme shelter", mna "shattered", yaani majina ya nyimbo za Stones yamepangwa humo kama maneno ya kawaida ya biashara. Duka limeanzishwa mwaka 1962, ambao ndio mwaka wa bendi. Anwani ni Mare Street, na kufunguliwa ni Septemba. Ukisogeza macho karibu kwenye jina, kitone juu ya herufi i ni ile midomo na ulimi tunaoujua wote, nembo ya Stones. Tarehe 6 Septemba Jagger, Richards na mpiga gitaa mwenzao Ronnie Wood wakakaa kwenye jukwaa la ukumbi wa Hackney Empire, ulioko Mare Street, wakaitangaza albamu, jina lake Hackney Diamonds. Ikatoka tarehe 20 Oktoba.

Watu wengi walilichukulia tangazo lile kama mwanzo wa tetesi. Mimi naliona ni mwisho wake. Nyimbo zilikuwa zimechanganywa tangu Februari. Bendi kubwa haianzi kutega vitendawili kabla kazi haijakamilika, kwa sababu vitendawili hivyo vinagharimu pesa na vinahesabu siku. Kwa hiyo kionjo kinapotoka kwa bendi yenyewe, acha kubishana kama albamu ipo. Ipo. Anza kuweka akiba, maana una kama miezi miwili tu mbele yako.

Picha nazo zina adabu yake ya kusomwa. Mwaka 2018 AC/DC walikuwa, kwa macho ya wengi, wamekwisha. Mpiga dramu Phil Rudd alikuwa nje ya bendi baada ya mambo yake ya mahakamani huko New Zealand. Mwimbaji Brian Johnson alikuwa ameacha ziara Machi 2016 kwa kuwa masikio yalikuwa hatarini, na Axl Rose wa Guns N' Roses ndiye aliyeimba maonyesho yaliyobaki. Mpiga besi Cliff Williams alikuwa amestaafu. Malcolm Young, mpiga gitaa na mwenye bendi kwa maana halisi, alifariki Novemba 2017. Halafu Agosti 2018 ikavuja picha: Johnson na Rudd wamesimama nje, nyuma ya The Warehouse Studio mjini Vancouver.

Ile picha ilikuwa ushahidi wa kweli. Kwanza, ni studio ile ile walikorekodia Stiff Upper Lip, Black Ice na Rock or Bust, kwa hiyo hawakuwa wamepita hapo kunywa kahawa. Pili, waliokuwemo ndio waliosemekana hawamo. Mtu hapeleki mpiga dramu Vancouver kutoka New Zealand kwa salamu. Mashabiki waliosema "wanarekodi" walikuwa na haki kusema hivyo. Walioruka hatua wakasema "inatoka Krismasi" ndio waliojitafutia majonzi, kwa sababu Power Up ilitoka Novemba 2020, zaidi ya miaka miwili baadaye, ugonjwa wa korona ukiwa umechangia kuichelewesha. Nyimbo zote 12 zimeandikwa kwa jina la Malcolm na mdogo wake Angus, mpiga gitaa wa bendi, zimetokana na mawazo waliyoyakusanya ndugu hao wawili kwa miaka. Picha ilituambia nani na wapi. Lini haikusema, na sisi ndio tuliojaza.

Hata tarehe inayotoka kinywani mwa mhusika ichukue kwa mkono mmoja. Tool walitoa 10,000 Days mwaka 2006, wakafuatiwa na ukimya wa miaka 13, ambao sehemu yake ililiwa na kesi ya mambo ya bima. Mwanzoni mwa 2019 mwimbaji wao, Maynard James Keenan, aliandika kwamba sauti zake ameshaziingiza miezi mingi nyuma, ila kuchanganya bado, na akakadiria kati ya katikati ya Mei na katikati ya Julai. Fear Inoculum ikatoka tarehe 30 Agosti. Huyu ni mtu aliyeimba nyimbo zile mwenyewe, na bado alipishana na ukweli kwa wiki sita. Tazama hata hivyo namna alivyosema: alitaja hatua. Kauli ya namna hiyo naiamini hata ikikosea tarehe. Na shabiki aliyeisoma kwa makini alijua kwamba kilichobaki ni kuchanganya, yaani ni suala la miezi, si miaka tena.

Kuna jambo moja naliomba kwa moyo wangu wote. Tusigeuze ugonjwa na uzee wa watu hawa kuwa dalili za albamu. Jagger alitimiza miaka 80 mwaka ule ule wa 2023. Charlie Watts, mpiga dramu wa Stones, alifariki Agosti 2021 akiwa na miaka 80, na siku hiyo hiyo walikuwepo walioanza kuuliza ameacha nyimbo ngapi kwenye akiba. Jibu likaja baadaye lenyewe: dramu zake zimo katika nyimbo mbili za Hackney Diamonds, Mess It Up na Live by the Sword, na katika hiyo ya pili Bill Wyman, mpiga besi aliyeondoka kwenye bendi miaka ya tisini, alirudi kupiga naye. Nimezisikiliza nyimbo hizo mbili kuliko zote. Zingekuwa na uzito ule ule hata kama hakuna aliyekuwa amezibashiri. Mtu akilazwa, mwombee afya. Ratiba ya studio itasubiri.

Na tuje kwenye pesa, kwani hapo ndipo vijana wengi wanaumia. Uvumi ukipamba moto hutokea "wimbo uliovuja" wenye picha nzuri ya jalada. Siku hizi nyingi ya hizo zinatengenezwa kwa akili bandia: sauti ya mwimbaji inafanana, ila sikiliza pumzi. Mwimbaji wa miaka sabini na kitu anavuta hewa kabla ya mstari mrefu, konsonanti zinakwaruza, na dramu za mtu halisi zinasogea kidogo mbele au nyuma ya mdundo. Wimbo ukiwa laini kama umepigwa pasi, na haupo kwenye ukurasa wa bendi yenyewe, usiusambaze. Orodha za nyimbo zenye majina kumi na mbili zisizo na jina la prodyuza wala studio nazo ni za kutungwa mezani.

Rafiki yangu wa karibu aliwahi kulipia kabla santuri ya albamu ambayo bendi yake haikuwa imetangaza chochote. Duka la mtandaoni lilikuwa na jalada, bei na hata rangi ya santuri. Baada ya wiki kadhaa duka likatoweka, na pesa ikatoweka nalo. Kwa hiyo kabla hujalipa fungua tovuti ya bendi, uone kama albamu imetajwa hapo kwa jina na tarehe. Ikiwepo, fuata kiungo cha duka kutoka hapo hapo, usikitafute pembeni. Soma gharama za kutuma mpaka nchini kwako na ushuru unaoweza kukuta, kwa sababu santuri ni nzito na mara nyingine usafiri unazidi bei ya muziki wenyewe. Kama kuna mtu wa kukubebea kutoka Ulaya au Ghuba, mpe jina kamili la albamu na aina ya toleo unalotaka, na umwambie aibebe kwenye begi la mkononi, imesimama wima katikati ya nguo.