Uvimbe mmoja, vipimo vitatu vya DNA: je, maabara imekosea?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Ngaramtoni, Arusha. Baba yangu, miaka 61, amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Tezi za limfu zilizopimwa ni 14, na 3 zilikutwa na saratani. Uvimbe wake uliingizwa kwenye utafiti wa kupima kiasi cha DNA, na vipande vitatu vya uvimbe huohuo vimetoa fahirisi ya 1.0, 1.4 na 1.8. Shemeji anasema ama sampuli zimechanganywa, ama hiyo 1.0 inaonyesha DNA ya mzee imeanza kurudi sawa kwa zile dawa za majani za "kusafisha DNA" alizoanza kunywa. Anataka kemo, yaani dawa za hospitali za kuua seli za saratani, isubiri kwanza. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Kemo isisubiri. Tezi 3 zenye saratani zinamweka mzee hatua ya 3, na katika hatua hiyo kemo baada ya upasuaji hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Tunapenda ianze ndani ya wiki 8, kidonda kikishapona. Fahirisi ya DNA haimo kwenye uamuzi huo, iwe 1.0 au 1.8.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe. Jambo linalonichosha katika kazi hii ya patholojia ni imani kwamba saratani ya mtu mmoja ina DNA ya aina moja, hivyo majibu yakipishana lazima kuna aliyedanganya. Seli ya kawaida ina kromosomu 46, yaani vifurushi vinavyobeba DNA, na kiasi hicho ndicho tunachokiita 1.0. Kipande cha 1.4 kina seli zenye DNA iliyozidi kwa asilimia 40. Ziada hiyo hutokana na mgawanyiko uliokwenda kombo: seli moja inaondoka na kromosomu nyingi mno, mwenzake anapunjwa. Wakati mwingine seli inarudufu DNA yake yote halafu inashindwa kugawanyika. Nyingi za namna hiyo hufa. Zinazonusurika huzaa ukoo wao, na ukoo huo nao huharibika kwa njia yake. Mtafiti wa saratani Mmarekani, Peter Nowell, aliueleza mwendo huu mwaka 1976. Kwa hiyo uvimbe uliokaa tumboni kwa miaka unaweza kuwa na koo kadhaa, kila mmoja na pembe yake. Ukiingia kihamba cha Kibosho, Kilimanjaro, yaani shamba lenye migomba na kahawa pamoja, ukachuma jani moja, likawa la mgomba, utasema humo hamna kahawa?

Hiyo 1.0 ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi. Kwanza, ndani ya uvimbe mna seli zisizo za saratani: chembe nyeupe za damu, mishipa, nyuzi za kushikilia. Zote zina DNA ya kawaida, na kipande kilichojaa hizo kitasoma 1.0 hata kama saratani imo. Pili, mashine inapima kiasi tu, haisomi kilichoandikwa. Jeni kama APC, KRAS au TP53 ikiharibika kwa herufi moja, kiasi hakibadiliki hata chembe. Seli inaweza pia kupoteza kromosomu moja na kuongeza nyingine, hesabu ikabaki palepale. Tena kuna kundi zima, takribani asilimia 15 ya saratani za utumbo mpana, ambalo kasoro yake iko kwenye mfumo wa kusahihisha makosa ya DNA. Hizo mara nyingi husoma karibu na 1.0, na ni saratani kamili. Kundi hilo lina kipimo chake, hufanywa kwenye nyama ileile iliyohifadhiwa. Muulizeni daktari wa saratani kama mzee amefanyiwa, kwa sababu hicho kina maana kwa matibabu na hata kwenu watoto wake.

Kuchanganya sampuli kunawezekana, sikatai. Lakini kunathibitishwa kwa kulinganisha namba za bloku (vipande vya nta vilivyohifadhi nyama ya uvimbe) na lebo, na ikibidi kwa kupima utambulisho wa DNA ya kila kipande. Kupishana kwa fahirisi peke yake si ushahidi.

Kuhusu majani ya shemeji: uvimbe ulishakatwa, umelowekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, umegandishwa kwenye nta. Dawa anayokunywa mzee leo itaufikiaje? Na hata kama angeanza kuinywa kabla ya upasuaji, hakuna mzizi unaoingia kwenye seli ukaziondoa kromosomu za ziada na kuziacha 46. Anayeuza dawa hiyo hajui kromosomu ni nini, ila neno DNA linaongeza bei.

Mwaka 2011 tuliona foleni za magari zikielekea Samunge, Loliondo, kufuata kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na wapo waliokatisha dawa za hospitali kwa ajili yake. Siku hizi foleni ni fupi lakini bei imepanda. Kuna vimashine vya kushika kiganjani vinavyotoa karatasi ya rangirangi yenye "hali ya DNA" na "sumu za utumbo" kwa dakika chache. Havijagusa utumbo, havijachukua hata tone la damu. Nimepokea wagonjwa waliokuja na karatasi hizo zinasema utumbo ni mzima, huku uvimbe umeshaziba njia.

Wengi wao walikuwa wakipata choo chenye damu kwa miezi, wakajitibu bawasiri kwa dawa za kupaka na za kunywa. Bawasiri ipo, na ni ya kawaida, lakini haiwezi kuthibitishwa kwa kusimulia dalili dukani. Damu kwenye choo, choo kilichobadilika bila kurudi, au upungufu wa damu usioeleweka kwa mtu mzima: aende hospitali apimwe kwa kidole njia ya haja kubwa, kisha aingizwe kamera, na panapoonekana uvimbe vikatwe vipande kadhaa kutoka sehemu tofauti.